Kuzoea Si Kupona

*Mhadhara uliotolewa mjini Morogoro, mwezi Oktoba, mbele ya walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari, wakuu wa shule na maofisa elimu. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.*



Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na zaidi kwa kuichagua wiki hii. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994 kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya mwalimu. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Katikati yake kuna siku nne tu. Nimefundisha Kiingereza miaka 32, toka 1990 hadi 2022, na sikuwahi kuona mtu akizivuka siku hizo nne kutoka adhimisho la kwanza kwenda la pili. Siku ya Walimu tunavaa sare, tunaimba, tunakumbushia madaraja. Siku ya Afya ya Akili tunawaachia watu wa hospitali. Leo nawaomba tuzivuke pamoja.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mwalimu mkongwe wa Kiingereza, ambaye tunamwita mzoefu na kwa sababu hiyo hiyo hatumuulizi hali, ana mzigo wa aina yake. Uzoefu haumtui mzigo huo. Unamfundisha kuubeba bila kuguna, nasi tukiona haguni tunasema amezoea. Basi kuzoea si kupona. Nitalieleza jambo hili kwa hoja tano, kisha nitapendekeza machache yanayoweza kuanza Jumatatu bila kusubiri bajeti.

Lakini kabla sijaanza, tufanye zoezi dogo. Nitawasalimu kama nilivyokuwa nikisalimu darasa, nanyi mniitikie. *Good morning, class. How are you?*

[Ukumbi mzima uliitika kwa pamoja, “*We are fine, thank you, teacher*,” ukaangua kicheko.]

Mmeitika vizuri mno. Aliyelala njaa ameitika, anayeuguza ameitika, na anayedaiwa ameitika kwa sauti kuliko wote. Litunzeni jibu hilo. Tutalirudia.

Hoja ya kwanza: tukubaliane juu ya maneno

Ukitamka “afya ya akili” mjini Dodoma, masikio ya watu husikia Mirembe, hospitali iliyoanza 1927. Ukitamka Nairobi, husikia Mathari. Ukitamka Unguja, husikia Kidongo Chekundu. Mahali pa kutibia watu tumepageuza kuwa maneno ya kutaniana na kutukanana: “Huyu apelekwe Mirembe.” Kwa hiyo mwalimu akijiona hayuko sawa, mbele yake anaona vyumba viwili tu, cha wazima na cha Mirembe. Akiulizwa yumo katika kipi, atajibu nini? Na hali kati ya vyumba hivyo kuna ua mpana, na wengi wetu tunaishi uani.

Maneno ya uani tunayo. Tuna msongo wa mawazo. Tuna wasiwasi uliopitiliza. Tuna sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba: mtu hukaa majuma mawili, matatu, hana hamu ya lolote, usingizi umekimbia au umemzidi, chakula hakipiti, na anajiona hana thamani. Huyo anahitaji daktari, na kumwambia “jikaze” ni sawa na kumwambia mwenye malaria ajikaze.

Halafu kuna uchovu wa kazi uliokithiri. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger aliuandika baada ya kuwatazama watu waliojitolea katika zahanati moja ya New York, watu waliokuja na moyo mkubwa wakaishia kama jivu. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatengeneza kipimo chake. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, lakini limesema wazi kuwa huo si ugonjwa. Ni hali inayotokana na kazi, na ina dalili tatu.

Nizitafsiri kwa lugha ya ofisi ya walimu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha: Jumatatu umechoka kama Ijumaa. Ya pili, moyo umejitenga na kazi: wanafunzi uliokuwa ukiwaita “wanangu” sasa ni “hawa”. “Hawa bwana, hata ufanyeje.” Ya tatu, unaamini kuwa unachofanya hakina faida. Angalieni pale waliposema hali hii inatokana na kazi. Maana yake tunapotafuta chanzo, tuanze kupekua ratiba yake kabla ya kupekua ukoo wake.

Hoja ya pili: mzigo wa lugha yenyewe

Mwalimu wa Kiswahili akikosea, tunasema ulimi umeteleza. Mwalimu wa Kiingereza akikosea, tunasema hajui. Tofauti hiyo ni ndogo kuitamka, ila kuishi nayo miaka 30 ni jambo jingine.

Mwaka 1996 Elaine Horwitz, aliyewahi kuchunguza hofu ya wanafunzi wanaojifunza lugha ya kigeni, aliandika kwamba hata walimu wanaoifundisha lugha hiyo wanaipata hofu ile ile. Niliposoma maneno hayo niliyafunika haraka, kama mtu aliyekutwa anavaa. Mimi, mkuu wa idara, nilikuwa nikiingia stoo kabla ya mstarini kuangalia katika kamusi neno nililolitumia miaka 20. Walipokuja wageni kutoka Ulaya mkuu wa shule aliniita niwapokee, kwa kuwa “huyu ndiye mtu wetu wa lugha”, na kila sentensi yangu ilikuwa mtihani mbele ya wenzangu. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliita uongo ile imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Wanazuoni wameukana uongo huo. Sisi bado tunalala nao.

Kuna lawama pia. Tangu 1967 elimu ya msingi katika shule zetu za serikali imekuwa ya Kiswahili, na mtoto akiingia Kidato cha Kwanza, masomo yanageuka Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliandika ripoti kuonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Kilichofuata ni mradi uliogharamiwa na Uingereza, toka 1987 hadi 1991, wa kutuimarisha walimu wa Kiingereza na kuleta vitabu vyepesi vya hadithi. Nilipoanza kazi 1990 nilivikuta vile vitabu kwenye maboksi, vinanukia upya. Mradi ulikwisha, maboksi yakabaki. Na lawama ikabaki nasi. Fizikia ikianguka, mwalimu wa Fizikia husema “tatizo lugha”. Historia ikianguka, “tatizo lugha”. Kila somo likianguka, linamwangukia mtu mmoja.

Februari 2013 yalitoka matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Mnakumbuka. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei matokeo yakapangwa upya na kutangazwa tena. Lakini kati ya Februari na Mei kulikuwa na vikao. Katika kikao cha shule yetu kila mkuu wa idara alisimama, na kila mmoja alimaliza kwa neno “lugha”, na kila aliyelitamka alinitazama. Kikao kilipokwisha nilikwenda stoo ya vitabu, nikafunga mlango, nikakaa juu ya boksi moja la yale ya 1990. Nilikaa mpaka jua likazama. Sikulia; ningelia ingekuwa nafuu. Nilikuwa najaribu kukumbuka mwanafunzi mmoja, mmoja tu, niliyemfundisha kitu, na nikashindwa. Siku ya pili nilisaini kitabu cha mahudhurio saa moja na nusu asubuhi, nikaingia darasani. “*How are you?*” “*We are fine.*”

Na kuna jambo la tatu ambalo wakongwe hatupendi kulisema. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuikomboa akili kutoka ukoloni, alieleza jinsi mtoto aliyekutwa akisema Kigĩkũyũ shuleni enzi za mkoloni alivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni. Mkoloni aliondoka, kibao kikabaki nasi kwa miaka mingi. Sikukichonga mimi, lakini nimewahi kukivisha. Nilipewa cheo cha mwalimu wa lugha, nikafanya kazi ya askari wa lugha. Juzi nilikutana na mtu mzima, fundi mwenye gereji yake, akanisalimu kwa heshima zote na kuniambia kwa kucheka, “Mwalimu, kile kibao chako.” Yeye alicheka. Mimi sikulala. Dhamira nayo ni sehemu ya afya ya akili, na mwalimu mkongwe ana miaka mingi ya kusutwa nayo.

Hoja ya tatu: mzigo wa insha

Hapa tupige hesabu. Chukueni mikondo minne ya Kidato cha Tatu, kila mkondo una wanafunzi 60. Toeni insha moja. Hayo ni madaftari 240. Mpeni kila mtoto dakika 5, ambazo zinatosha kupiga mistari myekundu tu bila kumwandikia neno la kumsaidia. Ni dakika 1,200, yaani saa 20 kamili. Walimu wa Hesabu mtaniwia radhi, lakini nyinyi mnaweza kuanza kwa kutazama jibu la mwisho. Insha haina jibu la mwisho.

Saa hizo 20 hazimo kwenye ratiba yoyote iliyobandikwa ofisini. Zinachotwa sebuleni usiku, watoto wako mwenyewe wakiambiwa wanyamaze, baba anasahihisha. Madarasa yalijaa pale shule za kata zilipoanza kujengwa kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanzia 2004, yakajaa tena elimu bila ada ilipoanza 2016. Mipango yote miwili ni ya heri. Mimi ni mtoto wa mkulima na siwezi kuilaumu shule kwa kuwa na watoto. Lakini nani alikaa akauliza, madaftari haya mapya atayasahihisha nani? Wengi wetu tulichagua moja kati ya mawili: kutoa insha moja kwa muhula na kusutwa, au kutoa nyingi na kukesha.

Wingi wa insha ni nusu ya mzigo. Nusu ya pili ni yaliyomo. Swali la Pithagorasi halimuulizi mtoto maisha yake. Sisi ndio tunaomwambia mtoto, “Andika kuhusu siku usiyoisahau.” Naye anaandika.

Usiku mmoja nilikuwa na lundo la Kidato cha Pili. Nilikuwa kwenye daftari la hamsini na kitu, mkono unakwenda wenyewe. Msichana mmoja alikuwa ameandika, “*My uncle come in the night.*” Nikalizungushia duara neno “*come*”, juu yake nikaandika “*came*”. Kalamu yangu ilifika mwisho wa mstari kabla yangu mimi. Ndipo nikasoma upya.

Nilifanya linalopaswa kufanywa. Nilimwona mwalimu wa malezi asubuhi, jambo likapelekwa mbele, ndugu wakaingia kati, msichana akahamishwa, mambo yakafunikwa kama mengi yanavyofunikwa. Lakini lile duara jekundu nililolichora naliona mpaka leo. Na katika watu wote walioshughulika na suala lile, hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniuliza, “Na wewe, mwalimu, uko salama?” Sikutegemea aniulize. Nilikuwa mzoefu.

Hayo ni mbali na vitabu vyenyewe vya fasihi tunavyosoma nao. Tumefundisha *Passed Like a Shadow*, hadithi ya familia inayomalizwa na UKIMWI, mbele ya watoto ambao tulijua nani amezikwa kwao wiki iliyopita. Tumefundisha *Unanswered Cries*, kuhusu ukeketaji, mbele ya wasichana waliotazama chini. Kufundisha hivyo vizuri mara moja kunachosha moyo. Kuvifundisha mikondo minne, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa kazi.

Hoja ya nne: uzoefu unageuzwa kuwa adhabu

Mtafiti Michael Huberman aliwahoji walimu 160 wa sekondari huko Uswisi, na mwaka 1989 akachapisha picha ya safari yao yote kazini. Mwalimu huanza kwa kuhangaika asizame. Kisha hutulia. Kisha hujaribu mambo. Halafu, katikati ya safari, wengi hupita mahali pa kujiuliza: hivi ndivyo nitakavyozeeka? Baada ya hapo njia hugawanyika. Wapo wanaomaliza kwa utulivu, na wapo wanaomaliza kwa uchungu.

Kilichonigusa ni kile kinachotofautisha njia hizo mbili. Walioridhika zaidi mwishoni walikuwa wale waliokuwa wakijaribu-jaribu vitu vidogo ndani ya darasa lao wenyewe, kama fundi anayechezea redio mpaka ishike stesheni. Wale waliojitosa kwa moyo wote katika mageuzi makubwa yaliyoletwa toka juu, mara nyingi ndio walioishia na uchungu.

Sasa tujitazame. Nimepokea mtaala wa 2005 wa kujenga umahiri. Wenzangu mlio kazini mnaendelea na mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024. Sisemi mitaala hiyo ni mibaya. Nasema namna inavyopokewa na mwenye miaka 25 kazini. Anaitwa semina, siku chache, na ujumbe anaousikia chini ya maneno yote ni kwamba aliyoyafanya mpaka jana yalikuwa makosa. Anarudi na muundo mpya wa azimio la kazi na andalio la somo, watoto ni wale wale 60, ubao ule ule. Mthibiti ubora anapokuja, ambaye zamani tulimwita mkaguzi, anauliza kwanza maandalio. Haulizi, “Mama, katika miaka yako 25 umegundua nini kuhusu mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti?” Na mama huyo anajua. Amelichezea hilo kimya kimya mpaka redio imeshika. Ujuzi huo atastaafu nao, hakuna aliyeuomba.

Uzoefu wake ukitajwa, basi ni pale anapoongezewa kazi. Miaka ile ya shule za kata kupanda kama uyoga tuliletewa vijana waliofundishwa ualimu kwa muda mfupi sana, tukawaita “vodafasta”, jina la dharau ambalo leo naliomba radhi, maana wengine wao wamo humu ndani na ni walimu hodari. Nani aliambiwa awashike mkono? Mzoefu. Nani anatunga mtihani wa mock? Mzoefu. Mwenzake akienda likizo ya uzazi, nani anachukua vipindi? Siku hizi wananiambia kuna insha zinazoletwa zimeandikwa na akili unde, Kiingereza kimenyooka kuliko cha mwalimu. Nani atajua kama ni kazi ya mtoto au ya simu? Mpeni mzoefu aangalie. Punda akionekana hachoki, anaongezwa gunia.

Hoja ya tano: yale ya nje ya darasa

Hapa nitapita haraka kwa sababu mnayajua kuliko mimi. Mwalimu wa miaka 50 na kitu anasomesha wake chuoni huku anasomesha wa wenzake darasani. Ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na pembeni mkopo wa mtaani, ule tunaouita “kausha damu”, na jina lenyewe linajieleza. Anasubiri daraja. Miaka 55 ya kustaafu kwa hiari inakaribia na ya lazima, 60, inaonekana, na neno “kikokotoo”, la hesabu ya mafao ya kustaafu, ambalo kabla ya kanuni za mwaka 2018 wengi tulikuwa hatulijui, limekuwa neno la kunong'onwa jikoni usiku.

Nayataja kwa sababu moja. Mtu akitaka kuzungumza nasi juu ya afya ya akili ya walimu, akatufundisha kuvuta pumzi ndefu na kutabasamu, bila kugusa gunia la madaftari wala karatasi ya mshahara, huyo ametuletea kivuli cha mti bila mti. Lakini na sisi tusifanye kosa la upande wa pili, la kusema “tukilipwa vizuri yote yatakwisha”. Nilipopandishwa daraja nilifurahi sana. Lile duara jekundu halikufutika.

Yanayoweza kuanza Jumatatu

Kwanza, wakuu wa shule. Hesabuni usahihishaji kama kazi. Mnapopanga vipindi, chukueni kikokotoo cha simu, mzidishe mikondo kwa wanafunzi kwa dakika 5, jibu mliandike pembeni ya jina la mwalimu kwenye ratiba. Mkishaona 20 imeandikwa pale, hamtaweza kumpa mtu huyo zamu na taaluma na mock kwa pamoja. Namba ikionekana inatetea mtu kuliko hotuba yangu.

Pili, idara. Acheni kuona haya kupunguza. Insha moja ya ukurasa mmoja iliyosomwa kwa makini inamfaa mtoto kuliko tatu zilizopigwa mistari. Wanafunzi wanaweza kusomeana kazi wawili wawili kabla haijafika kwenu. Chagueni kosa la aina moja kwa kila zoezi, mengine yaacheni yapite. Nilianza hivyo miaka sita kabla ya kustaafu, na ndiyo miaka sita niliyolala.

Tatu, jumuiya zenu za ujifunzaji. Tuna utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu wanakutana shuleni kwao wenyewe. Ni chombo kizuri, na kiko tayari. Naomba robo saa tu ya kila kikao. Robo saa hiyo mwalimu mkongwe aulizwe maswali mawili: umegundua nini, na nini kimekulemea wiki hii? La kwanza linamrudishia heshima. La pili linamtua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Tunapouona mwepesi ni kwa sababu hatujawahi kuushika. Robo saa inatosha kuushika.

Nne, maofisa elimu. Shule zetu zina mwalimu wa ushauri na unasihi kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu huyo mwenyewe anakwenda kwa nani? Halmashauri inaweza kuzungumza na hospitali ya rufaa ya mkoa, ikapatikana siku moja kila muhula, mtaalamu akaja mahali ambapo si hospitalini wala si ofisini kwa mwajiri, na anayesikilizwa pale asiandikwe kwenye faili lake la kazi. Hilo la faili ndilo kubwa. Bila hilo hatakuja mtu.

Na wewe mwalimu mwenzangu uliyekaa kimya muda wote huu: ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Mimi nilijikokotea stoo. Msiende stoo. Ikiwa majuma yanapita usingizi haupo, au mawazo ya kutaka kutokuwepo yanabisha hodi, mwambie mtu leo hii, na nenda ukaonane na daktari. Hiyo si aibu ya mwalimu, kama miwani isivyo aibu ya macho.

Kumalizia

Ndugu Mwenyekiti, tulirudie lile jibu. “*We are fine, thank you, teacher.*” Tumelifundisha vizazi na vizazi, kidato kwa kidato, na nadhani hakuna kitu tulichokifundisha kikashika kama hicho. Sisi wenyewe ndio lililotushika zaidi.

Kiswahili chetu kina jibu lenye mlango. Mtu ukimuuliza “habari za nyumbani?” atasema “nzuri”, kwa sababu adabu haimruhusu kukutupia matatizo mlangoni. Lakini ukingoja kidogo, usiondoke, usitazame saa, atavuta pumzi aseme, “Nzuri… ila…” Na yote yako nyuma ya hiyo “ila”. Wazee wetu walijua kungoja. Ndiyo maana salamu zao zilikuwa ndefu, na sisi wenye haraka tukadhani wanapoteza muda.

Vijana mlio humu mtazeeka katika kazi hii, na nawaombea mzeeke kwa ule utulivu aliousimulia Huberman. Ofisi mtakazoziongoza miaka 10 ijayo mnazitengeneza sasa, kwa namna mnavyomsalimu yule mama wa dawati la dirishani mwenye lundo la madaftari. Jumatatu msimwambie “pole na kazi” huku mnapita. Vuteni kiti. Mwulizeni habari. Atasema nzuri.

Ngojeni hiyo “ila”.